Nyuma ya Shuka

"Mpeee!"

Kelele zilivuka mapaa ya Kariakoo, zikaingia mpaka ukumbini kwa Bi Hind. Akaacha sindano juu ya kofia aliyokuwa akiidarizi, akatega sikio. Hapo Mwana wa Mawingu ameinua mkuki. Hapo joka la moshi linarudi nyuma. Sasa watu watanyamaza kidogo, halafu watacheka, maana yule kasa anayeruka ndipo anapotokea.

Wakacheka.

Bi Hind hakuwahi kuiona picha ile hata siku moja. Aliijua kwa kelele za watu tu.

Hazikuwa picha za watu wa kweli, zilikuwa za kuchorwa, ila zinakwenda, zinapigana, zinalia machozi. Tangu Mhindi mmoja aanze kuzionyesha uani kwake nyuma ya soko, watu hawakuwa na neno jingine. Watoto walipigana njiani kwa mikuki ya vijiti vya makuti. Kanga mpya ilipewa jina la yule kasa. Mchukuzi akinyanyua gunia sokoni, wenziwe, "Mpeee!"

Kwa Bi Hind kulikuwa kimya. Mumewe, Bwana Mbaruk, muuza nguo, kila jioni alirudi kutoka dukani, akala, akanawa, akachukua bakora yake akatoka, barazani kwa wenzake. Hakuwa mtu wa maneno. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Ghanim, na huyo alikwenda kuajiriwa na Mhindi wa sinema. Siku aliposema, baba yake alimwonyesha mlango.

"Mwanangu mimi, mtumishi wa masanamu! Jina lake lisitajwe tena humu ndani."

Halikutajwa. Na Ghanim, mkaidi kama aliyemzaa, hakukanyaga tena mtaa ule. Mwaka ukapita hivyo.

Aliyekuwa akimletea Bi Hind habari ni Severa, mwanamke wa Kilimanjaro, muuza vitumbua wa pale pembeni. Picha ile alikuwa haikosi.

"Hodi, Bi Hind!"

"Karibu, mwenzangu. Jana mlipiga kelele nyie, mmh!"

"Bibi, jana ilikuwa balaa. Joka limekuja hivi..." Severa akatua beseni, akanyakua mwiko kwa mkono wa kushoto, akauinua juu. "Mpeee!"

"Wewe! Kwa kushoto? Shujaa gani huyo hakufunzwa adabu?"

Severa akacheka mpaka akakaa chini. "Sisi wa nyuma ya shuka ndivyo tunavyomwona. Picha inapigwa shukani kwa mbele, bibi. Wenye viti wao wanamwona wa kulia. Sisi wa mkekani, tunaotazamia kwa nyuma, kila kitu kimegeuka. Juzi Mnazi Mmoja watu wametoana meno kwa ubishi huo! Wanatuita Mashoto. Na mkono nao umeshazoea, nikishika kitu tu, huo!"

"Asikuone mume wangu. Ukimpa maji kwa kushoto hanywi, hata awe amefunga kutwa. Mwanangu alichapwa vidole mpaka akaacha."

Kisha Bi Hind akashusha sauti. "Na... umemwona?"

Severa hakuuliza nani. "Yupo. Kazi yake kulilowesha shuka. Likikauka, sisi wa nyuma hatuoni kitu. Basi anapanda ngazi na ndoo, anamwaga, anashuka, anajaza, anapanda tena. Wa mbele hawajui hata kama yuko. Ni sisi tu tunaomwona."

"Anakula vizuri? Hali yake?"

"Ah, bibi, kule giza, watu wamejifunika mashuka yao, umande. Mimi naona mgongo tu." Akachezea mwiko. "Ila nikwambie. Ijumaa picha inakwenda Tanga. Mhindi anakwenda, na vijana wake wote."

Bi Hind akakitazama kitumbua mkononi, asikile.

"Mwambie baba yake," Severa akasema.

"Anapita mlango wa huyo Mhindi kila jioni akienda barazani. Angekuwa na haja naye, si angegeuza shingo?"

"Basi bwana wako ana jiwe la kusagia hapo kifuani."

"Analo," Bi Hind akasema.

Siku mbili tatu alikaa na jina la mwanawe mdomoni kama punje ya mchele iliyonasa jinoni. Alhamisi mchana akapika samaki wa Feri, wale wa nazi anaowapenda mumewe, akajisemea, leo, akishatia tonge la kwanza, nitalitaja, na anifukuze na mimi.

Bwana Mbaruk alikaa mkekani, bakora ameiegemeza ukutani, upande wake wa kulia. Bi Hind akatua sinia katikati. Akafungua mdomo. Jina halikutoka.

"Una nini?" mumewe akauliza.

"Sina kitu. Nakwenda kuleta ndimu."

Hakufika jikoni. Paka wa jirani alishuka ukutani kama jiwe, akatua kando ya sinia, akamdaka samaki kichwani. Bwana Mbaruk akaruka. Akazungusha kiwiliwili kizima, akaikamata bakora kwa mkono wa kushoto, akaiinua juu ya kichwa.

"Mpeee!"

Paka akapotea na samaki wake. Bakora ikabaki juu.

Bi Hind akautazama mkono ule. Akautazama mpaka mwenyewe naye akaugeukia.

"Amekonda?" Bi Hind akauliza.

Bwana Mbaruk akaishusha bakora polepole.

"Mabega tu," akasema. "Ile ndoo nzito."