Kombe la Mwisho la Sharifu

Bwana Mselem aliipata sahani kwa bei ya kutupwa, maana wenzake kwenye mnada wa vyombo vya marehemu Sharifu, mwandishi wa makombe ya dawa, waliiona chafu. Yeye, mwenye kabati tatu za vyombo vya kale, aliijua kauri ya Kichina hata ikiwa na aya za zafarani zilizokaukia ndani. Angeiosha nyumbani.

Kabla hajaifunga kitambaani, msichana mmoja, Somoe, alimsogelea na chupa ya marashi.

"Shikamoo, baba. Hilo kombe ni la mama yangu. Marehemu Sharifu alimwandikia siku ile ile aliyofariki, nami nikachelewa kulifuata. Sahani ni yako. Nakuomba maandishi tu, niyaoshe nikamnyweshe. Hali yake si nzuri."

"Marahaba. Mimina, mwanangu."

Somoe alimimina marashi yote, akawa anasugua kwa kidole. Aya ziliyeyuka moja moja, marashi yakageuka manjano, na kauri ikatokea nyeupe pe. Weupe ule ulimsisimua Bwana Mselem. Msichana akaitega chupa chini ya ukingo wa sahani.

Hapo ndipo Bwana Mselem alipokumbuka goti lake, lililokuwa likimsumbua tangu masika. Na kitu alichonunua, alikinunua chote.

Aliichukua sahani kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Nisalimie mama," alisema, akijipangusa ndevu zilizoingia umanjano.

Somoe alikuwa bado ameitega chupa.