Kupe wa Mama Swala

Kiboko, jumbe wa bwawa, alijilaza majini kutwa, na bila ruhusa yake hakuna aliyekunywa. Mama Swala alisimama ukingoni akimbembeleza mwanawe aliyelia kiu: "Kupe shuka, umeshiba, mwenzio amekonda."

Kiboko akaibuka. "Wewe mama! Unaniimba mimi? Basi hunywi, wala mwanao!"

Mama Swala akamvuta mwanawe mbele. "Si wewe, Jumbe, wallahi si wewe, ni kupe, kupe wa kweli, huyu hapa sikioni mwa mwanangu, mtazame, nambembeleza tu!"

"Uongo! Nani mwingine hapa ana tumbo kubwa na hataki kuondoka?"

Wanyama waliokuwa wakingoja maji ukingoni wakatazamana. Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Ngedere akauanza wimbo, wote wakaitikia, na Kiboko kwa aibu akazama mpaka masikioni. Mtoto akanywa.

Mama Swala mpaka leo anaapa kwamba alimwimba kupe.