Mbegu za Mitoo

Wakili alikuwa ameshainuka arudi Migori, lakini Orpah hakuwa mtu wa kumwacha mgeni atoke kwake Lambwe mikono mitupu.

Habari alizoleta wakili huyo, binti mdogo, hazikuwa njema. Hospitali ilishikilia kwamba ilimpa Orpah tembe za presha alizoandikiwa, si za kisukari. Lakini tembe hizo zilimzimisha siku alipozimeza, na tangu hapo mkono wake wa kushoto haushiki kitu. Tembe zilizobaki Orpah alizitupa chooni kwa hasira. Ushahidi haukuwepo.

"Nisamehe, mama. Tumefika mwisho."

"Nyathina, mwanangu, nikusamehe nini? Wengine wote waliniambia ni mapenzi ya Mungu. Wewe uliketi ukanisikiliza. Asante."

Akaingia jikoni, akatoka na mbegu za mitoo, mboga ya kienyeji, ndani ya kikopo cha plastiki. Alikuwa amezichanganya na jivu zisiliwe na wadudu, kama mama mkwe wake alivyomfundisha.

"Panda nyuma ya nyumba. Ukichuma, utanikumbuka."

Wakili alikipokea kwa mikono miwili. Akapangusa jivu lililokipaka nje kwa kidole gumba, akakigeuza, akapangusa tena. Karatasi ya hospitali ilikuwa bado imeganda ubavuni, ikiwa na jina la Orpah, na chini yake jina la dawa ya kisukari.

Akaketi tena polepole. Orpah akadhani labda hali mitoo, maana ni chungu.

"Mama," wakili alisema, "nitafutie kitambaa nifungie mbegu zangu. Kikopo kinaenda kortini."