Jina la Bi Matika

Kila Ijumaa kabla ya saa sita mchana, kila nyumba iliandika kwenye kompyuta majina ya wazee wake walio hai. Asiyeandikwa alihesabiwa amekufa.

Tangu Chambulo aweke mfumo mpya kwenye kompyuta yao asubuhi ile ya Ijumaa, kibodi iliandika vizuri kwenye skrini nyeusi ya kuwashia, lakini rangi na picha za ukurasa wa majina zikitokea tu, iligoma. Alichomoa waya, akachomeka kwingine, akazima na kuwasha mara tisa.

"Pumzika, mwanangu, unywe uji," alisema mama yake, Bi Matika.

"Mama, niache kidogo. Nakuandika wewe."

Saa sita ikapita. Jirani yao Masaka akaingia, simu mkononi, akampa Chambulo pole ya msiba. Bi Matika akaweka kikombe chini, akangoja shikamoo yake ya kila siku.

Masaka alimtazama, akatazama simu, akaketi mkekani bila kumwamkia.