Risasi Ndogo ya Korogwe

Bhanu alikuwa amekwisha kuvua bangili zake zote, ingawa mwenye kupimwa hakuwa yeye. Alizipakata, akazivaa, akazivua tena.

"Mama, tulia," Haika alimwambia. "Wewe utabaki huku nje."

Haika ndiye aliyekuwa na zamu hospitalini kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha kwa sumaku, binti wa Machame aliyekuja London kusoma akabakia kazini. Aliposikia wazee wawili wa Kihindi wakisemezana Kiswahili kwenye korido, aliwaamkia shikamoo, na tangu hapo mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye swali la chuma.

"Mzee Sunil, una chuma chochote mwilini?"

"Hana," Bhanu akadakia.

"Ninacho," akasema Sunil, na uso ukamchangamka. "Begani. Risasi."

Bhanu alitazama ukutani. Haya, yameanza. Hadithi hii alikwisha kuisikia harusini, hekaluni Neasden, ndani ya basi, na mara moja msibani. Walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Korogwe. Sunil alirudi kutoka Tanga kabla ya siku aliyotarajiwa, akazunguka mlango wa nyuma, akakutana uso kwa uso na mwizi. Mwizi akafyatua, akatokomea. Bhanu alipofungua mlango alimkuta mumewe yuko chini, tayari ananyoosha kidole gizani: kaelekea kule, kaelekea kule! Miaka ya mwanzo mwizi huyo alikuwa mtu mfupi. Siku hizi alikuwa amerefuka sana, na juzijuzi alivalishwa kofia.

"Lakini mwizi gani anatembea na bastola ya kike!" Sunil alicheka. "Risasi yenyewe kama punje ya hindi. Mwanangu, ile ina raha zake. Bastola inaingia kwenye mkoba, kishindo kidogo, mkono hauteguki hata ukiwa mwembamba. Ila nguvu hakuna. Imeingia hapa, ikachoka, ikalala. Daktari wa Tanga akasema iko karibu na mshipa, tuiache. Ingekuwa kubwa, leo ungempima nani?"

Haika hakucheka. Aliwapeleka kupiga eksirei, akaenda kuongea na daktari wa mionzi. Alirudi akitembea polepole.

"Mzee, picha inaonyesha ukubwa wake, haionyeshi imetengenezwa kwa madini gani. Hizi ndogo ndiyo shida yake. Nyingine zimevikwa shaba, hizo hazina neno. Nyingine zimevikwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ikiwa ni ya chuma, sumaku ya mashine itaivuta. Na mshipa uko pale pale."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo bila kujua ni ya aina gani, siwezi kukuingiza. Samahani sana. Labda tumtafute huyo mwizi tumuulize."

Alikusudia utani, lakini hakuna aliyecheka. Tangu Diwali miguu ya Sunil ilikuwa inakufa ganzi. Nyumbani alitembea kwa kushika kuta. Daktari wa mgongo alikwisha kuwaambia waziwazi: bila picha ya MRI hafanyi oparesheni, na bila oparesheni hiyo miguu haitafika mwakani.

"Basi twende nyumbani," Sunil alisema. "Kiti cha magurudumu nacho ni kiti." Aliinama kuvaa viatu. Kidole cha mguu kilitafuta tundu la kiatu, kikakosa, kikatafuta tena.

Bhanu aliinuka. Aliketi. Aliinuka tena, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Alimhurumia mumewe, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko huruma, na hofu hiyo alikuja nayo toka Korogwe.

"Ni shaba," alisema.

"Mama?"

"Juu shaba, ndani madini ya risasi. Chuma hakuna."

"Mama Deepa, keti," Sunil alisema haraka, bila kuinua kichwa.

"Sikai." Alizikusanya bangili mkononi. "Dukani tulikuwa na sumaku ya kuokotea misumari. Usiku ule boksi la risasi lilinidondoka, zikamwagika katikati ya misumari ya dukani. Nilitaka kuziondoa kabla majirani hawajaingia, na mikono hainisikii. Nikapitisha sumaku. Misumari yote ikapanda. Risasi zikabaki chini, hata moja haikunasa."

Haika alimkazia macho. "Risasi za nani, Mama? Mwizi si alikimbia?"

Bangili zilimponyoka Bhanu, zikabingirika chini ya viti. Hakuthubutu kumtazama mumewe. Tangu usiku ule maisha yake ya ndoa aliyajenga juu ya yule mtu mrefu mwenye kofia, akiomba Sunil asiache kuamini kwamba mwizi huyo alikuwepo.

Sunil bado alikuwa ameinama. Bangili moja ilikuja ikasimama kwenye kiatu chake. Aliiokota, akauvuta mkono wa mkewe, akamvisha taratibu.

"Mwamini, mwanangu," alimwambia Haika. "Bastola nilimnunulia mimi, ajilinde na wezi nikisafiri. Nilichagua ile ndogo makusudi, isimuumize mkono."