Jibu la Fundi

"Mpira ukipigwa pembeni," nahodha wa timu ya wasichana aliwaeleza majaji wa maonyesho ya sayansi, "upepo wa ndani hukimbilia upande mmoja na kuulemea. Ndiyo maana unapinda."

Jaji mmoja akauma midomo asicheke.

Kwenye viti vya nyuma, fundi baiskeli aliyewafundisha mabinti wa mtaa soka na sayansi kila Jumamosi alihisi uso ukimwiva. Jibu lile lilikuwa lake. Nahodha alipomuuliza uwanjani, aliona bora atunge lolote kuliko kuumbuka kwamba hajui.

"Sivyo, binti yangu," jaji alisema kwa upole. "Mpira hupinda kwa sababu unazunguka na kuisukuma hewa ya nje upande mmoja. Nani alikufundisha hayo?"

Nahodha akamtazama fundi. Vidole vya msichana, vyenye wino wa michoro ya wiki tatu, vilikuwa vikikunja na kukunjua pindo la jezi.

Fundi alijua huo ndio wakati wa kusimama. Akabaki kitini.

"Nilikisia mwenyewe," msichana akasema. "Kocha aliniambia nisome zaidi, nikapuuza."

Ukumbi mzima ukampigia makofi kwa kusema kweli. Fundi naye akapiga.