Habari ya Nyumbani Kwetu

Esperansi alijitwika mtumba kichwani badala ya begani, na bwalo zima la shule likaangua kicheko.

Hapo ndipo, katika mchezo wao, mwanamke aliyejifanya mwanamume alipojulikana. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba begani. Kichwani ni kwa wanawake. Egidi, aliyeigiza kirangozi, mkuu wa msafara, akamnyooshea fimbo.

"Jamani, kumbe Masanja wetu ana mume."

Wanafunzi wakapiga meza. Mwalimu Eustadia alicheka pamoja nao, mpaka alipotazama benchi la mbele. Bibi Mwanahawa alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Kicheko kikamkauka mwalimu. Hadithi ile alipewa na bibi huyo, barazani kwake, huko Kitete.

"Ni habari ya nyumbani kwetu," bibi alimwambia siku hiyo. "Nyamizi alitaka kumfuata mumewe pwani, akavaa kiume, akajiita Masanja, apate kupokelewa kwenye msafara. Walipomgundua wakamwacha peke yake porini, mbele ya Kigwa. Isimulie, mwanangu. Ila jina la ukoo wetu usilitaje."

Jina hakulitaja. Lakini habari aliyopewa kwa machozi aliigeuza kichekesho, kwa sababu vichekesho hujaza viti.

Na bibi hakulalamika hata mara moja. Kila siku ya mazoezi alikuja na bakuli la michembe, viazi vikavu vya kuchemsha, akamwita Esperansi kwanza.

"Kula, mama. Umechoka kubeba." Kisha akamfuta masizi ya masharubu kwa ncha ya kanga yake, taratibu, kama anayemfuta mtoto mchanga.

Egidi alimtania, "Bibi, na mimi mjukuu wako mbona nasahauliwa?"

Bibi alimtazama kwa muda. "Wewe utakula mwisho."

Na kweli alimwekea, tena vingi, lakini mwisho.

Eustadia aliyakumbuka hayo yote huku uso ukimwaka. Kesho wazazi wangekuja kutazama, na bibi huyu angeketi tena pale mbele, watu wazima mia mbili wakiicheka damu yake. Wanafunzi walipotoka, mwalimu alikwenda akapiga magoti mbele ya benchi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona chini?"

"Nimekukosea. Nimechekesha watu kwa mateso ya bibi yenu. Nimekuona ulivyojifunika. Ukisema neno moja tu, kesho hatuchezi."

Bibi Mwanahawa alimshika mkono, akamwinua, akamkalisha kando yake. Akampangusa vumbi magotini.

"Chezeni," akasema. "Watoto wamehangaika mwezi mzima. Mimi nilijifunika kwa aibu."

"Aibu ni yangu, bibi. Yule alikuwa mwanamke jasiri. Ningekuwa wewe, ningetembea kifua mbele mjini hapa."

"Angekuwa wetu, ningetembea hivyo."

Eustadia hakuelewa. Bibi aliinamisha kichwa, na sauti yake ikawa ndogo.

"Nyamizi hakurudi, mwanangu. Hakuacha mtoto. Sisi ni wajukuu wa kirangozi."